Msomaji wa Munara

Tangu mshipa ulipompasuka kichwani, Rachidi alibakiwa na neno moja tu la kusema, nalo ni "basi." Akitaka maji, basi. Akitaka feni izimwe, basi. Akichoshwa na wageni wanaojaza sebule na kumhurumia kwa sauti ya juu, kana kwamba na masikio nayo yamekufa, basi. Mwanasiti mkewe alijifunza kuzitofautisha basi hizo kwa mlio wa kila moja, akawa anamwelewa kuliko wake wengi wanavyowaelewa waume wenye maneno tele. Lakini fundi magari ambaye sauti yake ilitoka gereji ikafika sokoni Jabe, mtu aliyezigombeza injini kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa mpaka zikawaka, kumwona amekaa na neno moja mdomoni, jamani, inauma.

Daktari hakuwaficha kitu. Maneno yanaweza kurudi, alisema, ila lazima yatafutwe mapema. Mgonjwa aongeleshwe, na yeye mwenyewe ajaribu, hata kama anakosea. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana Rachidi hakutaka kujaribu. Wiki za mwanzo alijaribu kumwita binti yake Hayat, likatoka lile lile basi mbele ya watu, akaona aibu, akafunga mdomo. Tangu hapo alilala akitazama ukuta.

Adolphe, rafiki yake wa tangu utoto, alikuja kila jioni akishafunga kibanda chake cha vifaa vya simu pale sokoni. Alikaa mbali, Mutakura, na kwa shida hii ya mafuta alikuwa akirudi kwa miguu, lakini hakukosa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaleta habari za mjini, akacheka vichekesho vyake mwenyewe, akajijibu. Kuongea peke yako mbele ya mtu unayempenda ni kazi ya kuchosha kuliko kupakua magunia ya saruji. Alikuwa akifika nyumbani kwake hana hamu hata ya kula.

Jioni moja alikuja na kompyuta ya zamani kwapani na maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, mfukoni. Mwanasiti alimsimamisha mlangoni.

"Papa Irène, hii njo nini tena?" Ndivyo alivyomwita, kwa jina la binti wa Adolphe.

"Ni Munara, shemeji."

"Munara gani?"

"Ile tulikuwa tunacheza kwa Mama Zubeda, zamani. Zote tatu ziko humu ndani."

Mwanasiti alimtazama kama mtu aliyeleta mbuzi hospitalini. "Mutu anashindwa kushika kijiko, we unamuletea michezo ya watoto?"

"Shemeji, niache nijaribu. Habari za mujini zimeniishia."

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana asiyeijua Munara atadhani Adolphe amechanganyikiwa. Walipokuwa vijana wa kuanza kuota ndevu, Mama Zubeda alikuwa na chumba Jabe chenye televisheni na mashine za kuchezea michezo ya video. Wengine walicheza mpira na ngumi. Rachidi alinaswa na mchezo mmoja wa safari: watu wanne wanatoka kijijini kwao kwenda kuutafuta mnara uliozama kwenye ziwa la chumvi, na njiani wanapigana na majini, wananunua dawa, wanagombana, wanapatana. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, Jabe wakalikata wakaliita Munara tu. Ulikuwa na sehemu tatu, na kila moja ilikula miezi. Vita vyake vilikwenda kwa zamu. We unachagua cha kufanya, jini anangoja. Jini anachagua, we unangoja. Hakuna anayekukimbiza.

Mashine ya Mama Zubeda haikuwa na kadi ya kuhifadhia safari. Ikizimika, mmerudi kijijini. Kwa hiyo aliiacha ikiwaka usiku na mchana, feni ikiipepea kama bibi harusi, na umeme ukikatika chumba kizima kiliguna kwa pamoja. Ndiyo maana mwanzo wa sehemu ya kwanza Jabe nzima waliujua kwa moyo, hata wale ambao hawakuwahi kushika maneti.

Shida nyingine ni kwamba Munara iliongea Kifaransa, tena Kifaransa kingi, na wengi mle chumbani walikuwa vijana wa madrasa na wa gereji. Hapo ndipo Adolphe alipopata cheo. Baba yake alikuwa mwalimu Uvira kabla vita havijawavusha kuja Burundi, na Kifaransa cha nyumbani kilimtosha. Rachidi alishika maneti, Adolphe alisimama kando ya televisheni na kuwasomea wote kwa Kiswahili. Na msomaji huyo, tuseme ukweli, alikuwa muongo wa kupindukia. Neno asilolijua aliliruka, kisha akaziba shimo kwa maneno yake. Mfalme wa Munara akawa na mkwe kutoka Fizi, jirani na Uvira. Jini wa mtoni akadai mahari. Watu walicheka, wakaenda kuwaita wenzao, ikafika mahali wanaokuja kusikiliza wakawa wengi kuliko wanaokuja kucheza.

Sasa, muziki wa mwanzo ulipolia pale sebuleni, Rachidi aligeuza uso kutoka ukutani.

Adolphe alijifanya hajaona. Aliiweka kompyuta kwenye meza, akaweka mto kwenye mapaja ya mgonjwa, na maneti juu ya mto. Mkono wa kulia wa Rachidi ulikuwa mzito, vidole vimekunjamana, lakini kidole gumba kilikuwa na uhai kidogo, na Munara ilihitaji kidole gumba tu. Kijiji kikatokea na mbuzi wake. Mchezo ukauliza, kama ulivyouliza zamani, kila msafiri aitwe nani. Wanaume watatu Adolphe aliwaandika mwenyewe haraka haraka. Alipofika kwa mganga wao, yule mwanamke wa kanzu nyeupe, alirudisha mikono yake nyuma akatulia.

Kidole gumba kilitembea juu ya herufi taratibu. Kilipotea, kikarudi. Chai ilipoa mezani. Hatimaye likasimama jina: SITI.

Mwanasiti alikuwa amekuja kuchukua vikombe. Alilisoma jina, akalirudia kimoyomoyo, akamgeukia Adolphe. "Huyu mwanamuke anaitwa vile tangu lini?"

"Tangu zamani, shemeji. Mbele hata ya we kumujua Rachidi kama ni mutu. Mulikuwa munakaa ngambo ya barabara, kwenye nyumba ya geti ya buluu."

Mwanasiti alivibeba vikombe hadi jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko vikombe vitatu vinavyohitaji. Kesho yake, Adolphe alipofika, alikuta kiti cha pili kimeshawekwa mbele ya kompyuta.

Sehemu ya kwanza iliwachukua msimu mzima wa mvua. Rachidi alicheza, Adolphe alisoma, Mwanasiti alichambua maharage na kutoa amri. Siti anunuliwe viatu vya maana. Siti asitangulizwe mbele ya majini, kwani wanaume hawako? Siku hizi Kifaransa cha Adolphe kilikuwa kimekomaa, akayaona kwa macho yake mwenyewe makosa ya ujanani. Mfalme hakuwa na mkwe wa Fizi wala wa wapi. Lakini alisoma vile vile kama zamani, kwa sababu jini wa mtoni alipodai mahari, mabega ya Rachidi yalitikisika kwa kicheko, na Adolphe angeweza kudanganya mpaka siku ya kiama ili ayaone tena yakitikisika.

Alitega pia. "Jini akatoka ndani ya maji, akasema, mi nataka..." Halafu ananyamaza, amwachie rafiki yake amalizie. Rachidi alifungua mdomo, ikasikika "ba," akaufunga tena na kubonyeza mbele kwa hasira. Kila mara ilikuwa hivyo. Mkono ulikuwa unarudi, kijiko alikwisha kukishika, hata spana ndogo aliomba kwa kidole apewe akaigeuzageuza kiganjani. Maneno, hata moja halikurudi. Daktari alipowaona tena alisifu mkono, na alipoulizwa habari za maneno aliangalia karatasi zake. Adolphe alitoka pale na hofu ambayo hakumwambia hata mke wake.

Wakaingia sehemu ya pili, na huko kulikuwa na jambo ambalo Adolphe alilijua na alikuwa akiliogopa. Katikati ya sehemu ya pili, Siti anakufa. Anapigwa mshale kwenye daraja, anaanguka, na hakuna dawa wala kurudi nyuma kunakomwamsha. Kifaransa cha pale hakikuwa kigumu hata kwa kijana wa Uvira. Lakini siku ile kwa Mama Zubeda, alipotaka kukisoma, alimtazama Rachidi, kijana aliyempa mganga jina la msichana wa ng'ambo ya barabara akidhani hakuna anayejua, na ulimi ukamgoma. Aliwaambia watu kwamba Siti amejeruhiwa kidogo, amepanda mlima kujifunza dawa kubwa zaidi. Chumba kizima kilikubali. Kwa sehemu yote ya tatu ikabidi awe anatunga salamu kutoka mlimani.

Jioni walipofika darajani, Adolphe alifikiria kusema betri inaisha. Hakuwahi. Mshale ulitoka, Siti akaanguka, wenzake watatu wakamzunguka, muziki ukashuka chini.

"Mbona analala pale?" Mwanasiti aliuliza, sinia la maharage limesimama magotini.

Adolphe alimtazama mgonjwa, akamtazama mke mwenye jina lile, akaona huu ni mkosi wa kuuingiza kwenye nyumba yenye maradhi. "Ameumia kidogo tu, shemeji," akasema. "Ona, anawaaga. Anapanda mulima, kule kuna muganga mukubwa, anaenda kujifunza dawa yenye..."

Mkono wa Rachidi ulitoka kwenye maneti ukatua juu ya goti la rafiki yake.

"Ba," alisema. Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi, midomo ikatafuta umbo na kulikosa. Adolphe alitaka kumsaidia, akafungua kinywa, Mwanasiti akamshika mkono kwa nguvu kumzuia. Nje pikipiki ilipita na redio yake, ikaenda zake. Jasho lilimtoka Rachidi kwenye paji la uso.

"A... mekufa."

Maharage yalimwagika sakafuni na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Sema tena," Mwanasiti aliomba kwa sauti ya chini.

"Amekufa. Siti." Maneno yalitoka mapana na mazito, yamelala upande mmoja, lakini yalikuwa maneno. Akamgeukia Adolphe. "Nili... jua."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Ile... siku."

"Ile siku niko nasoma kwa Mama Zubeda?"

Rachidi akakubali kwa kichwa.

"Na ukanyamaza miaka yote? Mi nakonda kwa kutunga salamu za mulimani, we unanitazama tu?"

Rachidi alicheka kwa mdomo wake uliopinda, mate yakimtoka, naye hakujali. Kisha akatulia, maana alikuwa na kitu kingine cha kusema, na walikiona kikimpanda kifuani polepole. Walimngoja. Hakuna aliyemtafutia neno.

"Ulisoma... muzuri."

Adolphe alilia. Hakufunika uso wala hakusingizia vumbi. Alilia mtu mzima mwenye watoto, kamasi zikimtoka, kwa furaha na kwa zile jioni zote alizorudi Mutakura akiwa amekata tamaa peke yake. Mwanasiti naye alilia akijipangusa kwa ncha ya mtandio, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujikusanya. Alivuta kiti chake mbele mpaka magoti yakagusa meza.

"Sawa, Papa Irène," alisema. "Sasa usome yenye imeandikwa kweli. Kama ni mi nimekufa hapo, nataka kujua huyu bwana alinililia ao alienda kununua viatu."

Adolphe alijipangusa macho, akasogea karibu na kioo ili aone vizuri herufi. Kabla hajaanza, Rachidi alimwekea mkono begani amngojee, akamtazama mkewe.

"Nililia," akasema.