Chardonnay Kwenye Chungu cha Wakwe

Mdogo wangu alikuwa anaposa Ruziba, nje kidogo ya mji, na hatukuwa na pombe. Vita vilikuwa vimefunga njia za milimani, kwa hiyo pombe ya ndizi haikushuka Bujumbura, na kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu. Bila kinywaji hakuna mazungumzo. Bila mazungumzo hakuna mke. Kijana wa watu alikonda hadi suruali ikamkataa.

Aliyetuokoa ni mjomba, mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa amekimbia na kumwachia kreti ya divai nyeupe. Chardonnay, alisema, akiitamka puani. Tena ya nchi za baridi! Huko zabibu huiva polepole, ndiyo maana divai inabaki na ukali wake: limau, tofaa bichi, na mwishoni kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua. Divai ya chupa nyingine ililazwa kwenye mapipa ya mbao, hiyo ina ladha ya siagi na karanga za kukaanga. Kila moja inywewe peke yake, baridi, kwenye glasi.

Nikamwambia wakwe hawanywi kwenye glasi kama wagonjwa wanaomeza dawa. Nikamimina zote kwenye chungu kimoja, za limau na za siagi, nikachomeka mirija. Mjomba alishika kichwa. Hadi leo nasema nilifanya vizuri.

Tulifika Ruziba jua likiwa kali na divai imepata moto. Anayetoa kinywaji hukionja kwanza, wakwe waone hakina sumu. Mdogo wangu akavuta mrija. Mimi niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto niliona sikio lake likitikisika, lakini uso haukusogea.

Akafuata msemaji wao, baba mdogo wa binti.

"Iii! Bakwe, hii ni siki! Munatutukana?"

"Apana, baba," nikamjibu. "Hiyo ni limau. Iko na jiwe pia."

"Jiwe? Munatunywesha mawe?"

"Ngojeni kidogo, siagi inakuya nyuma."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasimama, akatuamuru tubebe chungu chetu turudi mjini kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Mdogo wangu akainama kushika chungu. Hapo utani ukaniisha. Niliogopa kwamba nimemkosesha mke.

Ila nyanya wa binti alikuwa bado ana mrija mdomoni, na chungu hakiondolewi mkubwa wa nyumba akiwa anakinywea. Tukasubiri. Bibi alivuta, akakunja uso, akavuta tena, kama mtu anayetafuta hiyo siagi.

"Ni mubaya," akasema mwishowe. "Mubaya sana. Lakini huyu mutoto alikunywa wa kwanza, na hakukunja sura." Akamgeukia msemaji. "Na we unajua mudomo wa mujukuu yangu. Mutu mwengine wa kumuvumilia utamutoa wapi? Ikala!"

Msemaji akakaa. Kutoka jikoni ikalipuka sauti ya bibi harusi, kali kuliko divai yote:

"Bibi! Nimekusikia!"