Vidumu Visivyo na Vifuniko

Darmi hufika Garsen kuuza maziwa jua likiwa bado changa. Maziwa yake ya kwanza huyapeleka misheni, kwa Padri Zenon, Mpolandi aliyekaa kwetu hadi Kiswahili chake kikashika lafudhi ya Kipokomo. Darmi ni Muorma na Mwislamu; kanisani hajawahi kuingia. Wao hukutana jikoni, padri akichemsha chai, na humo ndimo alimosikia habari za Polandi.

Mwaka huu habari hizo zilipata kazi. Mwekezaji alitaka kuzungushia ua shamba lake jipya, na ua huo ungefunga malka, njia ambayo ng'ombe wa kijiji hushukia mtoni. Wakati wa kiangazi, bila malka hakuna ng'ombe. Chifu akaitisha baraza. Kila mtu alijua litakavyokwisha: mgeni huyo atasoma mpango wake, chifu atasema apigiwe makofi ya kilo, watu watapiga, na itaandikwa kwamba wananchi wamekubali.

"Utapiga?" padri alimuuliza.

"Sisi tunapiga tu, Padri. Nikinyamaza peke yangu, chifu ataniona."

"Baba yangu alisema hivyo hivyo."

Akamsimulia. Enzi za ukomunisti baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Chama kikisema uongo, wote walipiga makofi, kila mmoja akimwogopa aliye kando yake. Askofu wao aliwaambia wasirushe jiwe, na wasikubali uongo. Kisha Papa aliyezaliwa nchini mwao akaja kuwatembelea, na uwanja ukajaa. Baba yake alitazama kulia, akatazama kushoto. Jioni alisema mezani, "Kumbe tuko wengi." Katika mkutano wa kiwanda uliofuata alitia mikono mfukoni.

"Wakamfanya nini?"

"Wakamfukuza kazi."

"Na wewe ndiyo unanifundisha hiyo?" Darmi akacheka kidogo. "Dera langu halina mifuko."

"Sikufundishi, mama. Nakuambia alivyofanya."

Shuleni tulisoma kwamba tawala zile ziliangushwa na wakubwa. Darmi hakusoma, na swali lake lilikuwa jingine: yule mzee angefanya nini kama asingeuona ule uwanja uliojaa? Siku zilizofuata alizunguka soko la maziwa, akizungumza na wanawake mmoja mmoja.

Siku ya baraza walitoka sokoni moja kwa moja, wakaketi mbele, kila mmoja amepakata kidumu cha maziwa kisicho na kifuniko na kukishika kwa mikono miwili. Mgeni akasoma. Chifu akasimama.

"Haya, makofi ya kilo."

Wanaume wachache walianza, wakajisikia wako peke yao, wakaacha.

"Akina mama, wekeni hivyo vidumu chini."

"Vumbi, chifu," akasema Darmi.

"Vifunikeni, basi."

"Kifuniko changu kimepotea."

"Changu pia," akasema Ubah, jirani yake.

"Vyote vimepotea leo?"

"Ni kiangazi, chifu. Vitu vinapotea."

Nyuma mtu akacheka. Darmi akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akauliza: "Mgeni, ng'ombe watapita wapi?"

Mgeni alitafuta katika karatasi zake. Hapakuwa na mahali palipoandikwa. Ikabidi aambiwe arudi na ramani inayoonyesha malka.

Mpaka sasa njia iko wazi; ule ua haujajengwa, wala haujafutwa. Chifu hamsalimu Darmi tena, na Darmi alipokwenda ofisini kwake kuomba barua ili Wako, mwanawe, apate kitambulisho, aliambiwa arudi wiki ijayo. Aliporudi, akaambiwa hivyo hivyo.

Hayo alimweleza padri jikoni, akimmiminia maziwa. Padri alimsogezea chai. Darmi akainywa taratibu, kisha akatoa kifuniko kwenye kikapu na kukifunga kidumu chake.

"Kumbe kimepatikana," akasema padri.

"Kipo. Wakiita baraza tena, kitapotea."