Mama Aikaeli Anaitwa Mama Elinaja

Saa mbili asubuhi, Aikaeli Swai anasimamisha basi la ghorofa mbele ya hospitali ya Lewisham, London. Wauguzi wanashuka. Kabla ya kuondoka anatazama skrini ndogo inayomwonyesha ghorofani. Kiti cha mbele kabisa kiko wazi.

"Kile nimemwekea mama," anasema baadaye, kituo cha mwisho, akimimina chai ya chupa. "Ila mama alibaki Ujerumani kuchuma cheri za watu."

Mama yake ametoka Machame kuja Ulaya kwa mara ya kwanza. Mpango ulikuwa akae wiki mbili kwa Elinaja, mdogo wake Aikaeli, anayetunza wazee katika mji mdogo wa Altenbrück, kisha wiki nne London. Sasa imebaki wiki moja arudi nyumbani, na Lewisham hajatia mguu. Kwanza alisubiri cheri ziive. Zilipokwisha, ng'ombe wa jirani akawa anakaribia kuzaa.

Aikaeli alikwenda huko Krismasi iliyopita. Anakiri mji ni mzuri: nyumba za kale za mbao zimeinamiana juu ya vichochoro vya mawe, na ukitoka tu kwenye lango la ukuta wa zamani, ni mashamba.

"Mama anakata majani ya ng'ombe kama yuko kwetu. Mimi nitampa nini, nyasi za manispaa?"

Akiulizwa kama ni wivu, hazunguki. "Wivu, ndiyo. Elinaja nilimbeba mgongoni, leo namwonea wivu."

Kilichomchoma hasa ni picha. Mama amekaa juu ya trekta ya jirani, na chini ya picha Elinaja ameandika kwamba mji mzima sasa unamwita Mama Elinaja.

"Kifungua mimba ni mimi. Kanisani, sokoni, Machame nzima anaitwa Mama Aikaeli. Amefika Ulaya tu, nimefutwa."

Alimpigia simu kulalamika. Mama akacheka: "Sasa mwanangu, hao Wajerumani watakujulia wapi?"

Jana Elinaja alituma ujumbe: ndama amezaliwa, mama anakuja Jumamosi. Aikaeli hakuomba likizo. Ameomba zamu ya Jumapili mchana, mama apande basi lake na kukaa kiti kile, na tangu jana anawafundisha madereva wenzake namna ya kumwamkia.

Dhiren, wa basi la nyuma, anajaribu tena mbele yetu. "Shikamoo, Mama Michael."

"Michael nitamvumilia," anasema Aikaeli, akifunga chupa yake. "Elinaja, hapana."