Mbegu Katika Chechia ya Ami Tijani

Radhia Zouari alikuwa mkaidi tangu utotoni. Baba yake, mkamuaji wa zeituni hapa Sfax, alimwambia majani ya mzeituni ni chakula cha mbuzi tu. Yeye akayachemsha katika sufuria ya mama yake ajue kwa nini ni machungu. Sufuria iliharibika, binti akawa mkemia.

Uchungu ule ulimla miaka ishirini na miwili. Kwanza alikuwa mtu wa kemia ya mimea: kuchemsha, kuchuja, kutenga. Kisha akaingia kemia ya madini, akauunganisha uchungu wake na shaba, na muungano huo ukazaa fuwele za kijani ambazo hakuna aliyewahi kuziona.

"Umetuhama," nilimtania mimi, msimamizi wa maabara yake.

"Sijahama, Raouf. Nimeoa mke wa pili, na sheria ya hapa inawakataza nyinyi wanaume tu, si mimi!"

Alichapisha makala, tukala keki. Baadaye ikaja barua. Wakemia wa nchi mbili walikuwa wamefuata maelezo yake hatua kwa hatua, wakaambulia maji ya kijani. Jarida likampa mwezi mmoja: afanye jaribio mbele ya wakaguzi wawili, la sivyo makala ifutwe. Kwa mkemia, hapo umeitwa mwongo mbele ya ulimwengu.

Ndio kwanza tulikuwa tumehamia jengo jipya, nami kwa kiherehere changu niliagiza vyombo vyote vya zamani vitupwe, na vipya vioshwe kwa asidi mpaka ving'ae. Radhia alijaribu mara tisa. Maji ya kijani. Asubuhi ya wakaguzi alijaribu mara ya kumi, nao wakakaa wakitazama bakuli lililotulia tuli.

"Sielewi," nilimnong'oneza. "Kila kitu ni safi kuliko zamani."

Aligeuka polepole. "Hebu rudia."

"Ni safi..."

"Kumbe ni wewe! Fuwele zinataka mbegu, Raouf. Punje moja tu ya zile za zamani, kama maziwa yanavyotaka kijiko cha mtindi wa jana. Mtindi wote umeutupa wewe!"

Niliona aibu hadi masikioni. Tuliwaachia wakaguzi chai, tukakimbilia kwa Ami Tijani, fundi wa maabara aliyestaafu mwaka uliopita baada ya kumtumikia Radhia miaka yote ile; huenda punje ilisalia kwenye nguo zake za kazi. Mkewe Mannoubia, ambaye sote tunamwita Khalti, yaani mama mdogo, alifungua mlango mikono ikiwa na povu.

"Koti lake la kazi, Khalti, liko wapi?"

"Lile chafu? Mwaka mzima amelificha! Leo nimelipata, nimelifua mara tatu."

Koti lilikuwa kambani, jeupe pe. Radhia akaketi kizingitini. Ndipo Ami Tijani akatoka chumbani, chechia, kofia yake nyekundu ya sufu, kichwani kama kawaida, akauliza kuna msiba gani.

Radhia alimkodolea macho. Mzee huyu alikuwa na tabia moja: kijiti cha kukorogea hakukiweka mezani hata siku moja. Alikuwa akikichomeka chini ya chechia, juu ya sikio, pale wanaume wengine wanapochomeka kishada cha maua ya yasmini, kisha akikichomoa na kukirudisha bakulini.

"Ami, hiyo chechia imefuliwa?"

"Chechia haifuliwi, binti yangu. Unataka iwe soksi?"

Tulimbeba kama bibi harusi. Mbele ya wakaguzi alivua chechia, akaigongagonga juu ya bakuli mara mbili. Punje ya kijani ilitokea katikati, ikatoa miiba, na kabla chai haijapoa bakuli zima lilikuwa limeganda. Nilipiga kelele, sioni haya kusema.

"Katika ripoti tuandike mbegu ilitoka wapi?" aliuliza mkaguzi, kalamu mkononi.

Radhia alikuwa akicheka, akaacha. Makala kumi na nne alikuwa amechapisha kwa mikono ya mzee huyu, na hakuna hata moja iliyomtaja.

"Andika Tijani Masmoudi," alisema. "Na kwenye makala, jina lake litangulie langu."

Ami Tijani aliinama kutazama karatasi, chechia kifuani. "Andika kwa herufi kubwa, mwanangu," alimwambia mkaguzi. "Mannoubia hana miwani."