Ukurasa wa Misiba wa Mwanangu

Ni mwaka ule upepo ulipoilaza migomba yetu yote huku Nkunga, tukala magimbi asubuhi, magimbi mchana, na jioni magimbi tena, kwa maparachichi ambayo wanunuzi waliyakataa eti yana makovu. Wajukuu walikuwa wakiona sufuria wanalia. Mimi sikulilia magimbi. Nililia mwaka huohuo kwa jambo jingine, na bado nalia.

Mwanangu alikuwa mwalimu. Enzi za uhai wake alitengeneza ukurasa mtandaoni, akawa anaandika humo misiba ya kwetu: nani amefariki, mtoto wa nani, anazikwa lini, kaburi liko upande gani wa nyumba. Ulifunguka hata kwenye simu yangu ya vitufe, na mimi niliyeishia darasa la nne nikaunganisha herufi mojamoja mpaka jina likatoka. Kwetu msibani mtu haulizwi katoka wapi. Anaingia, analia, anapewa pa kukaa. Ukurasa wa mwanangu ulikuwa hivyohivyo. Kuna mzee mmoja alikuja kutoka Zambia, kichwa cheupe kwa mvi. Alitafuta jina la baba yake kwenye simu, akafikishwa pale. Kaburi akalikuta nyuma ya nyumba ya jirani, katikati ya kahawa. Alilala juu ya udongo kifudifudi kama mtoto.

Mwanangu alipofariki, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akafungua grupu la ukoo kwenye ile apu inayotaka simu kubwa. Misiba yote ikahamia huko. Huingii mpaka akuingize yeye, na ukimbishia anakutoa. Mimi simu yangu haikuweza. Wakasema si neno, bibi tutamwambia.

Siku moja nikawa sokoni Tukuyu natafuta chumvi. Mama mmoja wa Kinyala, alikoolewa mdogo wangu, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, dada, kwa mdogo wako."

"Kafanya nini?"

Akaziba mdomo. Mdogo wangu, tuliyelala mkeka mmoja utoto wote, alikuwa amezikwa juzi yake. Tangazo lilikuwa kwenye grupu. Wote waliliona, na kila mmoja akadhani mwenzake kaniambia.

Nikajifunga kitenge kiunoni, nikapanda pikipiki hadi Kinyala, nikaingia uani naomboleza kwa sauti, kama inavyotakiwa. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria. Wakaacha, wakaniangalia. Mmoja akajaribu kulia pamoja nami, akashindwa, machozi yake yalishakwisha. Nikalia peke yangu mbele ya masufuria. Nimezaa tisa, nimezika watano, si mtu wa kuona aibu. Siku hiyo niliiona.

Juzi wamekuja, shemeji pamoja na mkwe wangu, mjane wa mwanangu, nesi aliyeletwa huku na kazi akitokea Tanga. Wanataka paswedi, lile neno la siri la ukurasa. Mwanangu aliniandikia mimi kwenye karatasi, akasema, "Mama, wewe hupotezi kitu." Wanaitaka ili waufute ukurasa.

"Shemeji," akaanza mdogo wa mume wangu, "majina yote tumeshayahamisha kwenye grupu. Ukurasa ule siku hizi hausomwi hata na kuku."

"Kwani kuku wako wanasoma grupu?"

"Watu baki wanachungulia misiba yetu!"

"Waje walie nao. Mimi wa tumbo moja nimekuta watu wanaosha vyombo, kwa ajili ya hilo grupu lako."

Akajikuna ndevu.

Mkwe wangu ndiye aliyenichoma. Namba ya marehemu mumewe ipo kwenye ule ukurasa, na laini anayo yeye. Hajaweza kuitupa.

"Mama, wananipigia. Watu nisiowajua. Wanasema nimpe mwalimu simu. Kila mara mimi ndiye wa kusema amekufa. Nimechoka kumuua, mama."

Nilimshika mkono. Ni binti mwema, alimuuguza mwanangu mpaka pumzi ya mwisho. Nikamwambia, "Nipe hiyo laini. Wakipiga nitawaambia mimi, niliyemzaa." Akaichomoa, akaiweka kiganjani mwangu. Kitu kidogo kama ukucha.

Sijidanganyi. Wenye simu kubwa wamehama wote, na ukurasa usioandikwa unakufa polepole, wala hauna wa kuulilia. Jina la mwanangu mwenyewe halimo mle. Mwandishi alikuwa yeye. Mimi paswedi ninayo, lakini kuandika humo sijui. Nikiufungua siku hizi, jina la mwisho ni la mzee wa Suma aliyemtangulia kwa wiki moja, halafu peupe. Peupe pale ndipo mwanangu alipo. Ila yule wa Zambia hakuwa na mtu hapa wa kumwingiza kwenye grupu. Wako wengine kama yeye. Hatujui wako wapi, wala wao hawajui kama tupo.

Shemeji akakohoa. "Haya, laini umeshapewa. Sasa hiyo paswedi?"

"Sitoi. Mkitaka, nizikeni nayo."

Mkwe wangu akainua uso, macho mekundu. "Hata nikikuomba mimi, mama?"

"Sitoi. Mkitaka, nizikeni nayo."