Sahani Ndogo ya Resho

Nakumbuka ile siku wakwe zetu walipofika Muheto kutoka Walikale kwa pikipiki, matope hadi magotini, kumleta bibi arusi wa kaka yangu. Nilikuwa kijana mwenye kiburi kidogo cha shule, na mimi njo niliyeangalia turbini ndogo ya umeme tuliyoweka mtoni, baada ya kijiji kizima kuchimba mfereji kwa salongo, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo.

Mwanangu, wewe unayefunga mizigo kwenda Mubi kuwawekea watu umeme madukani, keti kwanza. Barabara haitakukimbia.

Shangazi wa bibi arusi, Mama Furaha, alifungua kitambaa akatoa resho ya umeme yenye sahani mbili za kupikia, kubwa na ndogo. Kwa ukoo wao, zawadi ya ndoa hutumiwa siku ileile mbele ya aliyeileta. Ikiwekwa pembeni, ni kama nyumba imemkataa bibi arusi.

"Leo tutakunywa chai ya hii resho," akasema. "Njo tutajua mutoto wetu amepokelewa."

Sasa, waya uleule wa nyumba yetu ulikwenda hadi materinite, nyumba ya kujifungulia ya kijiji, na siku hiyo mtoto wa jirani, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme ukikatika, na pumzi yake mashakani. Niliogopa sana, na woga ukatoka mdomoni ukiwa mkali: "Haiwezekani. Hiyo kitu haitawaka hapa."

Bibi arusi akainamisha kichwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa mbele ya wakwe.

Koko, mama yake baba yangu, akaniita nyuma ya jiko. Hakuwahi kugusa waya maishani mwake, lakini watu aliwajua.

"Umepima?"

"Hapana, Koko. Ile resho iko kubwa, naiona na macho."

"Basi hauna jibu, uko na woga tu. Muntu ametoka Walikale na zawadi, wewe unamutupia woga. Enda upime mbele yake, umuelezee."

Neno lile lilinichoma, sitakuficha. Nikatii.

Niliomba betri ya pikipiki moja iliyowaleta. Imeandikwa volti kumi na mbili, ila nilipoipima ilitoa kumi na moja. Ilikuwa imechoka na njia kama wenyewe. Andika ulichopima, mwanangu, si kile kilichobandikwa. Nikaiunganisha na sahani kubwa kupitia mita yangu, ikasoma robo ya ampea. Volti gawanya kwa ampea: kumi na moja kwa robo, ukinzani ni omu arobaini na nne. Sahani ndogo ikapitisha nusu ya robo tu, basi omu themanini na nane.

Nikamgeukia shangazi, safari hii kwa adabu.

"Mama, waya ya nyumba iko na volti mia mbili na makumi mbili. Gawanya kwa makumi ine na ine, sahani kubwa inaomba ampea tano. Zidisha tena na volti, njo wati elfu moja na mia moja. Turbini yetu mwisho wake ni ampea tano. Na kule materinite kuko mutoto anapumua na mashine. Ile inachukua mbili."

"Tano na mbili ni saba," akasema, akiangalia vidole vyake. "Na ile sahani kidogo?"

"Mbili na nusu, Mama. Wati mia tano na makumi tano. Ukiweka na mashine ya mutoto, ine na nusu. Itaenea."

"Basi washa kidogo. Kwa ile barabara tulipita, chai haiwezi kutushinda kungojea."

Watu wakacheka. Nikawasha sahani ndogo, nikakimbia materinite na mita yangu. Volti zilishuka kidogo tu, mashine ikaendelea kunguruma, kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Nilifurahi hadi machozi. Nyumbani maji yalichelewa kuchemka, lakini haba na haba hujaza kibaba. Bibi arusi alimimina chai kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati wa kuagana Mama Furaha akanishika mkono, akasema polepole: "Mutoto wangu, ungebakia kwa ile hapana yako, ningengojea ugeuke, niiwashe mimi mwenyewe. Ile kubwa."

Mtoto yule leo analima maharagwe mlima ule pale, na ana sauti kuliko kwaya nzima.

Kwa hiyo sikia. Huko Mubi watakuletea friji na mashine za kuchomelea, waseme weka tu. Usikubali wala usikatae kabla ya kupima. Volti gawanya kwa ampea, upate ukinzani. Volti mara ampea, upate nguvu. Jumlisha vyote vinavyokula kwenye waya huo. Kisha sema hesabu yako kwa upole, mpaka mwenye friji aweze kuirudia mwenyewe, kwa sababu ukishaondoka, ni yeye atakayebaki na swichi.

Nenda sasa. Mungu aliyemlinda mtoto yule akutangulie msituni, mikono yako iangaze nyumba za watu na isiunguze hata moja. Na popote utakapofika, wakupokee kwa chai ya moto.