Ngendo na Joto la Saa Tisa

Katika vilima vya juu ya Othaya, pale mashamba ya chai yanapokutana na ya kahawa, watu walimjua Ngendo kwa vifaranga. Mama huyu wa miaka arobaini na tisa alikuwa na sauti ya chini na mikono isiyotulia. Ndani ya kijumba kilichokuwa zamani ghala la mahindi aliweka mashine ya kutotolea mayai, na majirani walimletea mayai ya kuku wa kienyeji awatotolee.

Kuanzia Januari hadi Septemba, kati ya mayai mia moja, zaidi ya themanini yalitoa vifaranga. Lakini kila kahawa ilipoiva, mambo yaliharibika. Mwaka wa kwanza alipata vifaranga arobaini. Mwaka wa pili, thelathini. Mengine yalibaki viza, na vifaranga walikuwa wamekufa ndani bila kutoboa ganda. Mara mbili fundi wa sokoni alikuja akasema hita imekufa, akaitoa na kuweka mpya. Mara mbili haikusaidia kitu.

Jirani yake Wakiuru ndiye aliyekuja siku moja kuchukua mayai yake kabla hayajaingia kwenye mashine.

"Usikasirike, Mama Mwai," alimwambia Ngendo, akiyapanga kwenye kikapu bila kumtazama. "Mwaka huu nitaacha kuku walalie wenyewe."

"Sijakasirika," alisema Ngendo. Hakuwa amekasirika kweli. Alikuwa ameona aibu, na aibu ilimkaa kifuani wiki nzima.

Mumewe, Wamae, alikuwa mtu mpole. Alimwambia labda mashine imezeeka. Ngendo hakuwa mtu wa kukubali jambo kirahisi. Januari ilipofika, alijiandikisha katika darasa la umeme la Jumamosi mjini Nyeri, yeye aliyeacha shule kidato cha pili akikimbia hesabu.

Mwalimu wao, Mzee Ayub, alikuwa fundi wa miaka mingi ambaye hakupenda maneno marefu. Siku ya tatu aliandika ubaoni mistari miwili tu. Volti, yaani msukumo wa umeme, ukizigawanya kwa ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, unapata omu, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia umeme. Volti ukizizidisha kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu ambayo kifaa kinatoa.

"Mwalimu, ni hiyo tu?" Ngendo aliuliza.

"Ni hiyo tu. Lakini usiikariri. Nenda nyumbani uipimie kitu unachokijua."

Alikuwa na kitu anachokijua. Oktoba ilipofika tena, aliazima mita ya darasani, ile inayobana waya na kusoma umeme unaopita bila kukata kitu. Saa moja asubuhi, hita ikiwa inawaka, alisoma volti mia mbili arobaini na ampea mbili. Aliketi kwenye kigoda na daftari magotini. Akagawanya: omu mia na ishirini. Akazidisha: wati mia nne na themanini, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha hita.

Saa tisa alasiri alirudi. Bondeni mashine za kiwanda cha kahawa zilikuwa zikinguruma zikimenya matunda yaliyochumwa asubuhi, na juu yake kinu cha kusagia mahindi nacho kilikuwa kinafanya kazi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye laini hiyo hiyo ya umeme, na mashine zile zilipofanya kazi umeme ulimfikia ukiwa umepungua. Mita ilisoma volti mia moja na themanini, ampea moja na nusu.

Aligawanya kwanza. Omu mia na ishirini, vilevile. Akarudia hesabu kwa kalamu nyingine, asije akawa amekosea. Ni mia na ishirini. Basi hita haikuwa na ugonjwa wowote, wala zile mbili zilizotupwa. Kisha akazidisha. Wati mia mbili na sabini.

Aliipigia namba hiyo mstari. Karibu nusu ya joto ilikuwa ikipotea kila alasiri mpaka jioni, saa alizozoea kuwa shambani, na kipimajoto ndani ya mashine kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi thelathini na tatu, ilhali mayai huhitaji karibu thelathini na nane. Miaka miwili alijilaumu kwamba hajui kugeuza mayai.

"Wamae," aliita, "kuja uone. Si mimi."

Wamae alikuja na mikono yenye udongo, akasoma daftari polepole, akatabasamu. "Ati si wewe," alisema. "Mimi sikuwahi kusema ni wewe."

Jumamosi Ngendo alimweleza Mzee Ayub mpango wake: kuongeza hita ya pili inayofanana na ya kwanza, kila moja ikipata umeme wake. Umeme ukishuka, mbili zingetoa wati mia tano na arobaini. Ukipanda, kidhibiti joto cha mashine kingezikata chenyewe pindi joto likitosha.

"Na waya yako itabeba?" Ayub aliuliza.

"Volti zikiwa kamili ni ampea nne. Nimeangalia, inabeba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na mwanafunzi mwingine. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mwezi wa Novemba, kahawa ikiwa imeshamiri, Ngendo aliweka mayai mia moja ya kuku wake mwenyewe, maana hakutaka kuhatarisha ya mtu. Siku ya ishirini na moja alifungua mlango wa mashine akapokewa na kelele. Alihesabu vifaranga themanini na sita, wengine bado wana maji mabawani. Aliwahamishia kwenye kisanduku, akavua kitambaa cha kichwa akawafunika, kisha akaenda kumwita Wakiuru.

Wakiuru aliinama juu ya kisanduku, akawahesabu mwenyewe.

"Ulifanya nini?"

"Keti kwanza," Ngendo alisema, akifungua daftari kwenye ukurasa wa hesabu. "Nitakuonyesha. Si ngumu."